Punda wa Caleb Sita

Walimu wapya wa yuniti yetu ya wasioona wameniomba niwaandikie machache kabla sijayasahau. Nimestaafu muhula uliopita, kwa hivyo wakati ninao. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuja kwa mwendo wa kinyonga, mshahara ukawa unaondoka mbio, na hayo mtajionea wenyewe. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi, na zaidi nitaandika juu ya msichana mmoja mbishi kutoka Tseikuru, kwa sababu mmekuwa mkiniuliza kwa nini somo letu la kwanza la sataranji huanza na mchezo mbovu.

Nilifika hapa karibu na Kalamba nikiwa na cheti kipya cha elimu maalumu na viatu visivyofaa mchanga. Breli nilikuwa nimeisoma chuoni kwa macho, yaani nikizitazama zile nukta badala ya kuzipapasa. Mkuu wa yuniti alikuwa Mwalimu Mutiso, ambaye hakuona tangu kuzaliwa. Asubuhi hiyo ya kwanza alinipa karatasi, akaniambia nifumbe macho nisome. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka. Nikasoma jina langu mwenyewe likatoka kama jina la dawa ya kuogesha ng'ombe.

"Madam," akasema, "karatasi umeitia jasho mpaka nukta zimelala. Kesho uje na vidole vikavu."

Sheria zake zilikuwa chache na nimeishi nazo mpaka leo. Usimshike mtoto mkono ukamvuta. Mpe kiwiko akushike yeye. Ukisogeza kiti, tangaza. Ukiingia, jitaje jina, wala usiulize "unanijua mimi ni nani?" kwa sababu huo si mchezo, ni usumbufu. Na ukitoka chumbani, aga, hata kama unaenda chooni tu. Hakutaka mtu asiyeona aachwe akizungumza na kiti. Aliwahi kuzungumza na kiti kwa muda mrefu katika ofisi moja kubwa, na hakukisamehe kile kiti.

Chombo alichokipenda kuliko vyote ni ubao wa sataranji. Kwa wasioona, miraba myeusi huinuliwa kidogo ili vidole viitambue, na kila mraba una tundu la kuchomekea kete ili zisianguke zinapopapaswa. Kete nyeusi zina msumari mdogo kichwani. Za kununua zilikuwa ghali, basi Mwalimu Mutiso akaenda kwa mchonga vinyago mmoja wa hapa Ukambani, mtu aliyezoea kuchonga twiga wa kuuzia watalii. Wafalme, malkia, maaskofu, ngome na askari wadogo vilikuja vizuri. Alipofika kwa farasi akauliza, "Farasi hubeba nini?" Akaambiwa habebi maji, habebi mkaa, ni wa vita tu. Mzee akaona huyo mnyama hana maana, akachonga punda. Seti zote zikaja na punda, masikio marefu, tumbo la kushiba. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa hapa aliyesema farasi.

Ubao una safu nane zenye majina ya herufi, kutoka A hadi H. Ukizitaja kwa sauti darasani, B na D na E na G husikika kama kitu kimoja, hasa mvua ikipiga mabati. Kwa hivyo Mwalimu Mutiso, ambaye pia alikuwa mwimbishaji kanisani, aliziita Abel, Benjamin, Caleb, Daniel, Elijah, Filipo, Gideon na Hannah. Mraba wa tatu kutoka kushoto, mstari wa sita, ukawa Caleb sita. Mkaguzi mmoja aliwahi kusimama mlangoni akidhani ni somo la dini, akaandika tumefanya vizuri.

Kila mwaka wanafunzi wapya walianzishiwa mchezo mmoja wa zamani wa Ufaransa, wa enzi za wafalme wao, ambao Mwalimu Mutiso aliupata kwa kusimuliwa alipokuwa shuleni. Ni mfupi, hatua saba tu. Wanasema mzee aliyecheza na kete nyeupe alimwachia mpinzani wake ngome moja hata kabla ya kuanza. Mwalimu Mutiso aliipenda sana sehemu hiyo. "Alianza akiwa amepungukiwa," alikuwa akisema, "kama sisi."

Kila mtoto aliketi na ubao wake, naye akawa anaita hatua huku wao wakizifuata kwa vidole. Askari mweupe na askari mweusi wanakutana katikati. Askofu mweupe anatoka, punda wawili weupe wanatoka. Mweusi naye anasogeza askari mwingine kumfungulia askofu njia, anatoa punda mmoja, anamweka Caleb sita. Halafu askofu mweusi anakuja Gideon nne kumkazia punda mmoja mweupe. Punda huyo akisogea tu, malkia wake anabaki wazi nyuma. Mwenye akili timamu hamsogezi. Yule mzee akamsogeza. Punda akamla askari wa Elijah tano, na askofu mweusi, kwa tamaa, akamla malkia.

Hapo darasa lilikuwa linasema "Ai!" na vidole vyote vinakimbilia mstari wa chini wa ubao kumng'oa malkia. Mwalimu Mutiso anangoja kelele ziishe. Kisha askofu mweupe anamla askari wa Filipo saba na kumtishia mfalme, mfalme mweusi anakimbilia Elijah saba, pa pekee palipobaki, na punda wa pili anaruka Daniel tano. Mfalme amefungwa kila upande. Hakuna pa kwenda wala wa kumwokoa, na mchezo umekwisha.

"Umeona?" Mwalimu Mutiso aliuliza kila mwaka, kwa kuwa neno hilo hakuliogopa. "Watu wataangalia ulichopoteza. Waache wakiangalie. Wewe panga punda wako."

Watoto waliondoka darasani wakiwa wameinua vichwa. Mimi pia niliamini. Kwa miaka mingi nilikaa nyuma ya darasa, macho yangu mawili yakiwa mazima, nikimtazama malkia kama kila mtu.

Sasa nimfikie Habiba. Aliletwa na baba yake, Bwana Hussein, mfanyabiashara wa mbuzi wa Tseikuru, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na sauti ya upole. Msichana alikuwa wa darasa la sita. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza kwa wiki kadhaa, akapona, macho hayakupona. Baba alinieleza nje, tukiwa tumesimama kando ya tangi la maji.

"Mwalimu, huyu alikuwa mkono wangu wa kulia sokoni," akasema. "Dalali akitaja bei, Habiba anamjibu kabla mimi nijibu. Wanamwogopa. Sasa nikimwambia kula, anakula. Nikimwambia lala, analala. Chochote, ni 'sawa, baba.' Mimi sikuzoea hiyo sawa."

"Atazoea hapa, Bwana Hussein. Mpe muda."

"Muda nitampa mpaka half-term, hapo katikati ya muhula. Nikirudi nikute bado ako hivyo, nitamrudisha kwa mama yake. Wallahi si kwa ubaya. Kama ni kukaa kimya, heri akae kimya kwa watu wake."

Niliona haki yake, na nikaogopa. Nilikuwa nimewaona watoto waliorudishwa nyumbani kwa mapenzi ya namna hiyo. Hutunzwa vizuri, hulishwa vizuri, na hawafundishwi kitu tena. Ukimtembelea baada ya miaka, unamkuta kwenye kiti kilekile.

Habiba alikuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wote niliowahi kufundisha, na hakuonyesha kujifunza lolote. Nikimwekea karatasi ya breli alisema sawa, akaweka vidole juu yake na kuviacha hapo kama vya mtu mwingine. Tukiwa kwenye ubao wa sataranji alikalia mikono yake, akisikiliza tu. Wenzake walijaribu kumchokoza. Mtoto mmoja akamwambia hawa kina Caleb ni wa Biblia, hatawaweza. Zamani angepata jibu lake, nadhani. Habiba alisema sawa.

"Anajua akigusa, amekubali kwamba haoni," Mwalimu Mutiso aliniambia tukinywa chai, yake ikiwa na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. "Mimi sikuwahi kuona, kwa hivyo sikupoteza kitu. Yeye bado anangoja kurudishiwa. Siwezi kumlaumu."

"Na half-term ni wiki ijayo."

"Najua, Madam. Kesho nawapa ule mchezo."

Nilijua mwaka huo alikuwa ameuchelewesha kwa ajili yake. Wengine wangeweza kuusikia wakati wowote.

Kesho yake akaita hatua kama kawaida. Vidole vilitembea juu ya mbao, mvua hakuna, darasa limetulia. Habiba alikaa na mikono yake chini ya mapaja, uso ameuinamisha. Punda akamla askari wa Elijah tano. Askofu akamla malkia. Darasa likasema "Ai!" na vidole vikakimbilia chini. Mwalimu Mutiso akangoja, akaendelea mpaka mfalme akafungwa. Kisha akawaambia maneno yake yale ya kupanga punda.

"Hiyo ni uongo."

Hakuna aliyejua ni sauti ya nani. Ilikuwa kali, ya mtu aliyezoea kusemea kelele za soko.

"Nani amesema?" Mwalimu Mutiso akauliza.

"Ni mimi, Habiba. Hiyo ni uongo, mwalimu. Kwa nini huyo mjinga alikula malkia? Ako na punda wake hapo Caleb sita. Si angekula tu yule punda mweupe wa Elijah tano? Akikula, askofu wake pia amechungwa, malkia hawezi kumgusa. Anabaki na faida ya punda mzima. Mchezo umekwisha."

Mwalimu Mutiso hakuwahi kubishiwa, si kwa sababu alikuwa mkali, ila kwa sababu hakuwahi kukosea. Nami nikatazama ubao uliokuwa karibu nami, na kweli, punda mweusi alikuwa amekaa hapo Caleb sita tangu hatua ya tatu, masikio juu, akingoja mtu amkumbuke.

Nilielewa baadaye kwa nini watoto wetu wote walimpita, mwaka baada ya mwaka. Asiyeona huujua ubao pale vidole vilipo, na vidole huenda vinakoitwa. Sauti ikisema malkia, mikono yote inashuka kwa malkia. Hilo ni kosa letu sisi wa yuniti, walio nje hawawezi kulifanya kwa namna hiyo. Habiba hakuwa na mkono wowote juu ya ubao. Alikuwa ameubeba wote kichwani, kwa macho ya mwaka jana.

"Njoo," Mwalimu Mutiso akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Nionyeshe."

"Nimeshasema."

"Mimi sioni kwa kusemewa. Shika punda, unionyeshe."

Nilimpa kiwiko, akanishika, nikampeleka. Alisimama mbele ya ubao wa mzee, kete zikiwa zimerudishwa pale kabla malkia hajaliwa. Kisha akatoa mkono, akapapasa mstari kutoka kushoto, Abel, Benjamin, Caleb, akapanda mpaka sita, akashika kete. Vidole vikapanda kwenye masikio. Vikashuka kwenye tumbo. Vikarudi tena kwenye masikio.

"Lakini hii ni punda!" akasema.

"Tumekuambia ni punda tangu ufike," wenzake wakapiga kelele.

"Nilifikiri ni jina tu! Mimi nilikuwa naona farasi." Akacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake, na nakiri nilihitaji leso.

Akamwinua punda, akamweka Elijah tano, akauchukua mkono wa Mwalimu Mutiso na kuuweka juu yake. Mzee akapapasa. Akaenda kwa askofu wa Gideon nne, akarudi. Akaenda kwa malkia, akarudi. Akaupitia ubao wote pole pole, na sisi tukangoja. Kisha akavua miwani yake myeusi, akajifuta macho.

"Mchezo huu nimeufundisha tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi," akasema. "Sasa naambiwa ni nyeupe. Habiba ana haki. Mchezo ni mbovu."

Nilidhani Habiba angeinua kichwa kwa ushindi. Badala yake uso wake ulikunjamana.

"Basi malkia alienda bure," akasema.

Hapo nilitamani kuingilia kati na kusema neno lolote la kufariji. Bahati nzuri Mwalimu Mutiso alikuwa karibu zaidi.

"Ndiyo," akamjibu. "Alienda bure. Sitakudanganya tena. Na malkia wako pia alienda bure, mwanangu. Hakuna aliyemtoa kwa hesabu, hakuna aliyepata faida. Lakini zamu ni yako, na umenionyesha wewe si wa kukaa tu."

Habiba akalia, kwa mara ya kwanza tangu aje, kwa sauti, akiwa amemchomoa tena yule punda mweusi na kumshika mkononi. Tulimwacha alie. Watoto wa yuniti wanajua kumwacha mtu alie, na hilo hamtalipata katika cheti chochote.

Alipomaliza, Mwalimu Mutiso alimwambia kwamba kabatini kuna kitabu kinene cha breli cha sataranji. Humo, alisema, lazima uwemo mchezo ambamo malkia anatolewa na ni halali, hakuna wa kuupinga. "Umenivunjia wangu. Nitafutie mwingine. Sitakusomea, na Madam hatakusomea."

"Mimi sijui kusoma hiyo."

"Basi utachelewa."

Bwana Hussein alikuja siku aliyoahidi. Alikuwa ameacha lori la mbuzi na mwenzake katika mji wa Salama, akaja na begi tupu la kubebea nguo. Tulimkuta Habiba darasani na kitabu kile kikubwa mezani, kidole kimoja kikisuasua juu ya nukta, mdomo ukinung'unika. Nilijitaja jina, nikamwambia baba yake amefika.

"Asalaam alaikum, baba. Ngoja kidogo, nisipoteze mstari."

Bwana Hussein akanitazama. Akangoja.

"Baba, shika hii," hatimaye akasema, akampa yule punda. "Huyu mzee aliyechonga unaweza amini? Aliambiwa farasi."

Baba akamgeuzageuza kama mtu aliye mnadani. "Ni punda mzuri. Lakini tumbo hii ni ya kubeba mimba."

"Hapana, ni ya kushiba. Gusa masikio, yamesimama. Wa mimba hulegeza."

"Nani amekuambia?"

"Baba, mimi nimekaa na punda, wewe umekaa na mbuzi. Usinibishie."

Bwana Hussein akakaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakafika kifuani. Habiba akaendelea kumweleza: kwamba anamtafutia mwalimu mchezo, kwamba hii breli ni ngumu na aliyeitunga alikuwa na roho mbaya, kwamba hawezi kuondoka leo kwa sababu yuko katikati ya ukurasa, na kama baba anataka kumchukua basi achukue na kitabu na Mwalimu Mutiso pia.

Baba yake alitoka nje, nami nikamfuata. Alikuwa ameegemea tangi la maji, kofia mkononi.

"Madam," akasema, "nilifikiri mtoto wangu ameenda na macho. Ananibishia. Umesikia vile ananibishia?"

"Nimesikia, Bwana Hussein."

"Alhamdulillahi." Akajifuta uso kwa ile kofia. Kisha akarudi Salama kwa mbuzi wake, na begi lake tupu.

Mchezo Habiba aliupata muhula uliofuata. Ulikuwa uleule. Kitabu kilisema kwamba wengine wanausimulia kwa tofauti moja: punda mweusi hatoki nyumbani, haendi Caleb sita, na badala yake mweusi anasogeza kiaskari tu cha pembeni. Hapo malkia akiachwa wazi ni halali. Mweusi akimla, amefungwa. Asipomla, bado anapoteza. Habiba alimsomea Mwalimu Mutiso ukurasa wote kwa kidole chake, akijikwaa kila neno la pili, na mzee hakumsahihisha hata mara moja.

Mwalimu Mutiso anaishi kwake sasa, anafuga kuku na kulalamikia redio. Habiba alirudi kwetu akiwa mwalimu, kama mjuavyo, ni yeye anayewafokea kuhusu viti. Yeye huanza na ule mchezo mbovu, kwa maneno yaleyale ya mzee. Mwaka ambao hakuna anayepinga, haelezi. Anaurudia muhula unaofuata.

Siku yangu ya mwisho niliomba kukaa nyuma ya darasa lake. Kulikuwa na msichana mgeni wa Salama, Nduku, ambaye tangu aje alikuwa amesema "sawa" tu. Habiba aliita hatua. Malkia aliliwa, darasa likasema "Ai!", mfalme akafungwa. Habiba akasimama kimya, mikono nyuma, akasubiri. Nilikuwa nimeanza kuchukua mkoba wangu.

"Mwalimu, hapo pana uongo," ikasema sauti ndogo.

"Nani amesema?"

"Ni mimi. Nduku."

"Njoo, Nduku. Shika punda, unionyeshe."

Msichana akaenda akipapasa madawati. Mtoto mwingine akasema haiwezekani, wa tatu akasema inawezekana, wote wakaanza kuongea pamoja na Habiba akiwa katikati yao. Nikasimama, nikasogeza kiti changu na kutangaza kwamba nimekisogeza. Kisha nikaaga kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti kwamba ni mimi, natoka sasa. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wanabishana.